Mikono Kwenye Shuka

Mashine ya sinema iliingia nyumbani kwetu Kisauni mara moja tu, tena mchana. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, jua bado kali, nasi tulikuwa tumeyaziba madirisha ya chumba cha mbele kwa mablanketi na magunia. Mlango wa uani tuliutundikia mkeka. Chumba kikawa giza, na joto lake lilitosha kuumulia unga. Ilibidi iwe saa hizo kwa sababu watazamaji walikuwa wanawake peke yao, na wanawake wa mtaa wetu siku zile walikuwa na wakati wao wa kutembeleana, baina ya alasiri na magharibi. Baada ya hapo kila mmoja alikuwa na mume wa kumwandalia chakula.

Filamu ilikuwa juu ya mamamkwe wangu, au ndivyo walivyoambiwa wageni. Ilionyesha namna fundi anavyofanya kazi yake tangu wazo linapomjia mpaka kitu kinapokamilika. Mimi nilijua kilichokuwa ndani yake kabla haijawashwa. Nilipika kaimati nikaziunguza. Nikapika nyingine.

Mamamkwe alikuwa mshonaji wa kofia za vito. Kijana wa leo anayenunua kofia ya mashine sokoni hajui ninazungumzia nini, basi nieleze. Unakata bafta nyeupe vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Unachora kwa penseli nakshi unayoitaka. Halafu kwa sindano nene unatoboa vitundu vidogo kuufuata mchoro, mamia kwa mamia, na kila kitundu unakizungushia uzi, mshono baada ya mshono, mpaka ukingo wake usimame wenyewe. Kofia moja nzuri yataka miezi mitatu, na ukiwa na watoto, minne. Ikikamilika hufuliwa, ikatiwa wanga na buluu kidogo, ikavalishwa juu ya chungu kilichopinduliwa ikauke. Mwanamume akiivaa siku ya Idi, wenzake humwuliza ni ya nani, na hawaulizi duka.

Za mamamkwe zilijulikana bila kuuliza. Kwetu Likoni, nilipokuwa msichana, baba yangu mdogo alikuwa na moja, na akiivua aliiweka juu ya kabati asije mtoto akaigusa. "Hii ni ya Bibi wa Kisauni," alikuwa akisema, kana kwamba sisi tulikuwa hatujasikia mara mia. Sikujua kwamba nitakuja kuolewa nyumbani kwa bibi huyo huyo.

Niliolewa nikiwa na miaka kumi na saba. Mwaka wa pili wa ndoa yangu macho ya mamamkwe yakaanza kuingia ukungu, na kufika mwaka wa nne haoni tena ila mwanga wa mlangoni. Habari ya hospitali hakutaka kuisikia. Alisema atakufa na macho yake mwenyewe hata kama hayafanyi kazi. Wateja hawakuambiwa kitu. Waliendelea kuleta bafta kwa mikono ya wake zao na dada zao, na kofia zikaendelea kutoka, kwa sababu nilikuwapo mimi.

Hapa niseme vizuri, nisije nikajipa yasiyo yangu. Nakshi zilikuwa zake. Asubuhi baada ya chai alijinyoosha kitandani, mkono juu ya kifua, nami hukaa chini kwenye mkeka na penseli, namngoja. Aliweza kunyamaza mpaka nikadhani amelala. Mara husema, "Anza na nyota. Ndogo, ya ncha nane. Izungushie njia ya siafu." Nikichora alikuwa akisikiliza penseli inavyosuguana na kitambaa, na nikienda mbali alinikatiza, "Ishatosha hapo, wataka kunipeleka Changamwe?" Baada ya hapo kushona kulikuwa kwangu, kitundu cha kwanza mpaka cha mwisho. Jioni alipitisha kidole juu ya nilichokishona siku hiyo, pole pole, akanirudishia bila neno. Akirudisha bila neno ilikuwa nzuri.

Sasa kofia hiyo ni ya nani? Watu walisema ya Bibi. Yeye alisema kofia yangu. Mimi nikiulizwa nilisema ya mama. Moyoni niliumia, sitaficha. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimekaa miezi nikitoboa macho yangu juu ya kitambaa cheupe, halafu nasimama nyuma ya mlango nasikia mgeni akimwambia mamamkwe, "Mashallah, mikono yako haizeeki." Naye anajibu, "Alhamdulillahi."

Na kulikuwa na jambo la pili, zito kuliko hilo. Mimi natumia mkono wa kushoto. Mama yangu mzazi alinifunga mkono huo kwa kipande cha leso tangu sijang'oa jino, mpaka nikajifunza kula, kupokea na kusalimia kwa wa kulia kama watu wengine. Sindano peke yake ndiyo iliyokataa. Kwa mkono wa kulia mshono wangu hulala ovyo, na mchoro mzuri ukaharibika. Kwetu mkono wa kushoto una kazi zake, na kazi hizo hazitajwi mbele ya chakula. Kofia nayo hukaa kichwani mwa mtu anaposujudu. Walimu wa chuo cha Kurani na wazee wa safu ya mbele msikitini walivaa kofia zile. Sijapata kusomewa popote kwamba sindano ya kushoto ni haramu, lakini watu hawahitaji kusomewa ndipo waone kinyaa. Nyumbani waliojua walikuwa wawili, mamamkwe na mume wangu. Mume wangu alijifanya hajui, na mamamkwe hakupata kulitaja hata siku moja.

Ikawa mwaka ambao wanaume barazani hawakuwa na mazungumzo mengine ila Mwambao, ujitenge au usijitenge, na nani atakuwa bwana Mwingereza akishaondoka. Ndipo gari la mwanamke wa Kizungu likaja kusimama mlangoni kwetu. Alikuwa amevaa suruali, na watoto wa mtaa walimfuata tangu barabarani. Alifuatana na msichana mwalimu kutoka Frere Town, binti wa Kikristo mwenye adabu zake, aliyekuwa akimtafsiria. Yule binti alivua viatu mlangoni kabla hajaambiwa, akampa mamamkwe shikamoo kwa kuinama, na hilo peke yake lilitufungulia njia.

Mzungu akaeleza kwamba anatengeneza filamu za watu wanaofanya kazi za mikono. Kitu kilichokwisha kutengenezwa hakikumshughulisha sana, vya namna hiyo vimejaa madukani. Alitaka kuona kinavyoanza, fundi anawaza nini na anachagua vipi. Mamamkwe alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya ovyo.

"Watu huniuliza kofia itakuwa tayari lini," alisema. "Hakuna aliyepata kuniuliza yatoka wapi."

Alikubali kwa masharti. Wanaume wasiwepo. Uso usipigwe, wala nywele, wala sauti isichukuliwe. Mikono tu. Mzungu akafurahi, akasema mikono ndiyo hasa anayoitaka. Alipokwenda kuleta vyombo vyake garini, mamamkwe akanivuta karibu.

"Utakaa weye," akaninong'oneza, akinigusa kifundo cha mkono. "Utajifunika buibui mpaka hapa. Mikono nani ataijua?"

Nikaona ni sawa. Mpaka leo nashangaa tuliwezaje kukosea hivyo. Sisi, wanawake wa buibui, tunaojuana njiani kwa kiganja na kisigino! Sisi tunaomtambua mke wa fulani akiwa ng'ambo ya barabara, amejifunika gubigubi, kwa jinsi tu anavyoushika ukingo wa nguo yake! Tuliogopa uso, ambao majirani hawakuwa na haja nao, tukatoa mikono. Mzungu alitaka mikono, haikumshughulisha ni ya nani, na yule binti mwalimu, aliyeona kila kitu kwa macho yake, hakuuliza. Nadhani alichukulia kwamba Bibi na mkazamwana wake ni fundi mmoja, na pengine alikuwa karibu na ukweli kuliko sisi.

Kazi ilichukua siku tatu. Siku ya kwanza nilishona kwa mkono wa kulia. Mzungu aliweka taa kali ubavuni mwangu, akainamia mashine yake, akatazama, akainuka. Akamwambia binti aniulize kwa nini sindano inasitasita. Mamamkwe akakohoa. Siku ya pili vile vile, wa kulia, mishono imekaa kama meno ya mzee. Siku ya tatu nikahamisha sindano.

Kwa miaka mingi nilisema kwamba nilisahau, kwamba mtu akizama kazini mkono huenda wenyewe. Si kweli. Sikusahau. Nilitazama vile vitundu vibaya vya siku mbili, nikafikiria huko Ulaya watu watakaa waonyeshwe kazi hiyo waambiwe ndiyo kofia ya vito, nikaona uchungu. Nilitaka ionekane kazi yangu kama ilivyo. Uso nimefunikwa, jina sina, basi angalau mkono. Nikaweka sindano kushotoni, nikashona mpaka taa ikazimwa. Mamamkwe alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu. Sikuweza kujua kama alisikia.

Niliamini filamu itakwenda Ulaya na kubaki huko. Mwaka haujatimia, gari lile likarudi. Mzungu alikuwa ameleta filamu kama asante, aionyeshe nyumbani kwa mwenyewe kabla hajarudi kwao moja kwa moja. Wakati binti anatafsiri hayo, mimi niliyekuwa na sinia ya kahawa mkononi niliiweka chini.

Jioni nilimwendea mamamkwe. "Mama, tutazame sisi wenyewe tu. Tusialike watu."

"Miye siwezi kutazama," akasema. "Basi na watazame wenzangu."

Ningesemaje? Kwamba nimemwekea kushoto kwenye filamu yake? Kesho yake akatuma salamu nyumba kwa nyumba, tangu kwetu mpaka njia ya Ziwa la Ng'ombe. Walikuja wanawake kama ishirini, wamejipaka uturi, wamevaa leso mpya. Mke wa mwalimu wa chuo alikuja mapema akapata nafasi ya mbele. Mumewe alikuwa na kofia yetu, tena aliyoipenda kuliko zote. Mamamkwe alikalishwa kwenye kiti chake katikati, nami nikakaa chini, magotini pake, kwa sababu alisema nimweleze kila kitakachotokea. Uani injini ya umeme ikaanza kunguruma. Yule binti akasimama kando ya shuka tuliyoitundika ukutani, tayari kutafsiri.

Mwanga ukaruka juu ya shuka. Wanawake wakavuta pumzi kwa pamoja. Mamamkwe alikuwa ameelekeza uso kwenye sauti ya mashine, nyuma, wala hakuna aliyethubutu kumgeuza.

"Waonyesha nini?" akaniuliza.

"Kitambaa, mama. Kinakatwa."

Mkono wa kulia ndio ulioshika mkasi, kwa sababu mkasi nilifundishwa kwa lazima. Nikapumua. Ikaja penseli, ikichora nyota. Wanawake wakaitambua nakshi, wakaitaja kwa sauti, wakacheka kwa furaha kama waliomwona jamaa yao. Mamamkwe akanipigapiga begani. Kulikuwa na sauti ya mwanamume akisoma maneno ya Kiingereza juu ya picha, na binti akayaleta kwa Kiswahili kidogo kidogo: kwamba fundi huyu huwaza mchoro mzima kabla hajaanza, kwamba haandiki popote, kwamba amejifunza kwa nyanya yake.

"Ni kweli," mamamkwe akasema gizani. "Nilijifunza kwa nyanya."

Halafu ikaja sindano. Ukuta mzima ukajaa mikono miwili, mikubwa kuliko milango, na kila mshipa na kila kucha ikaonekana. Bangili zangu mbili za fedha zilikuwa pale. Ngozi ilikuwa laini, imebana. Sindano ilikuwa mkono wa kushoto, na ilikuwa ikienda, wallahi, ilikuwa ikienda vizuri. Kwa muda mdogo nilisahau hofu yote. Sikuwa nimepata kujiona nikishona. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo ninavyofanya.

Yule mwanamume wa Kiingereza, ambaye hakupata kutuona, akasema neno, na binti mwalimu hakulitafsiri. Akaniangalia. Mzungu akamwashiria aendelee. Basi akasema, kwa sauti ndogo, "Anasema, mikono hii imeshona kwa miaka hamsini."

Niliwasikia wakiacha kujipepea. Nikaificha mikono yangu chini ya leso, nikijua nimechelewa.

"Waonyesha nini sasa?" mamamkwe akauliza.

"Mikono yako, mama."

Ndipo mke wa mwalimu wa chuo akasema, na sidhani alikusudia ubaya, lilimtoka tu kwa mshangao: "Lakini huyu yuwashona kwa kushoto!"

Nilihisi mkono wa mamamkwe ukikaza begani mwangu. Nilingoja aniulize. Alikuwa na haki ya kuniuliza, na mimi ningejibu, na kila kitu kingemwagika hapo mbele ya kaimati. Kusema kweli sehemu yangu moja ilitaka kimwagike. Nilikuwa nimefungua mdomo. Ningesema, ni mimi.

"Naam, kushoto," mamamkwe akasema, sauti haikupanda wala kushuka. "Miye nashona kwa kushoto tangu udogo wangu. Kwani mulikuwa hamujui?"

Juu ya shuka mikono ya mwanamke wa miaka ishirini na sita iliendelea kushona. Kila mtu chumbani aliiona. Mmoja tu hakuiona, naye ndiye aliyekuwa anadai ni yake. Kiganja chake chenyewe, kilichokunjamana, chenye madoa ya uzee, kilikuwa juu ya bega langu, na mwanga wa mashine ulikiangaza mpaka waliokaa nyuma wakaweza kukitazama kile na ile ya ukutani kwa pamoja.

"Hatukujua, Bibi," akasema mke wa mwalimu. "Utusamehe."

Filamu ikaisha kwa kofia nyingine, iliyokuwa imekamilika zamani, juu ya chungu. Tukavuta mablanketi, jua likaingia, watu wakakwepana macho. Walikunywa kahawa. Walisema mashallah, kila mmoja mara mbili tatu. Wakati wa kuaga walimbusu mamamkwe mkono, mmoja mmoja, na waliondoka mapema kuliko desturi. Mzungu, maskini, alikuwa akitabasamu hajui kitu. Alimwuliza binti mwalimu walichokuwa wakisema wale mama, na binti akamjibu kwa maneno machache ya Kiingereza ambayo mpaka leo sikuyajua. Wakafunga mashine yao wakaenda.

Tulipobaki wawili nilishindwa kuvumilia.

"Mama, kwa nini umesema mkono ni wako?"

"Kwa sababu ulikuwa wataka kusema ni wako."

"Wameona, mama. Mikono ile ni ya kijana. Wameona wote."

"Najua wameona. Yaliyokufa ni mato yangu, si akili." Akajisogeza kitini, amechoka. "Ungalinena weye, wangalikwenda nayo nyumba kwa nyumba, mpaka kwa waume zao. Wangalikuita majina, na watoto wako wangaliyasikia. Nimenena miye. Sasa nani atanena juu yangu?"

Alikuwa amesema kweli. Kwa umri wake na heshima yake hakuna mwanamke wa Kisauni ambaye angemwita mwongo. Alijitwika aibu yangu yote pale pale, kwa sentensi moja, bila kuniuliza. Nilitaka kumshukuru. Lakini nilikuwa na hasira pia, hasira ya kunitoa machozi, kwa sababu katika sentensi hiyo hiyo alikuwa amechukua na kilichobaki, mkono wangu.

"Na kazi je, mama?" nikamwuliza. "Kazi ni ya nani?"

Akaomba maji ya kutawadhia, magharibi ilikuwa imefika.

Wiki ya pili kofia moja ilirudishwa, imefungwa kwenye gazeti. Tuliambiwa imembana mwenyewe. Alikuwa ameivaa miaka mitatu. Mamamkwe aliipokea, akaipapasa, akaiweka kando. Wengine hawakurudisha, ila bafta mpya hazikuja kama zamani. Mwalimu wa chuo, nasikia, alicheka alipoambiwa, na Ijumaa iliyofuata akaivaa yake kama kawaida. Hilo lilimfurahisha mamamkwe kuliko alivyotaka kuonyesha.

Mimi nilifanya uamuzi wangu. Niliapa sindano haitakaa tena kushotoni. Ikiwa mama mtu mzima amejichafua kwa ajili yangu, mimi nitashindwaje kuurudi mkono wangu? Nilikata bafta kwa ajili ya mume wangu, nikachora nakshi ya zamani ambayo haikuhitaji kumwuliza mtu, nikaanza kushona kwa kulia. Nilijichoma, nikafumua, nikarudia. Mwezi wa tatu vidole vilianza kutii kidogo. Haikuwa mbaya. Mtu wa dukani angeinunua. Mamamkwe sikumpelekea kuikagua, na yeye hakuitisha, ingawa alijua ninashona. Tangu siku ile ya sinema hatukuwa tumekaa na penseli hata mara moja. Nakshi mpya hakunipa, sikumwomba.

Wakati huo alikuwa amedhoofika. Nje watu walikuwa wakizungumzia bendera mpya, na mume wangu alikuja na habari kila jioni, huyu amesema hivi, yule amesema vile. Mamamkwe alimsikiliza kwa adabu. Akili yake ilikuwa kwingine. Siku moja, baada ya chai ya asubuhi, aliniita kutoka chumbani kwake.

"Abee, mama."

"Ndoo hapa na hiyo kofia."

Nikamletea. Ukanda ulikuwa umekwisha nusu, safu tano za vitundu. Akauchukua akaulaza juu ya paja, akaanza kupitisha kidole kwenye safu ya kwanza. Akaenda mpaka mwisho wake. Akarudi akashika ya pili. Alifanya hivyo kwa zote tano, bila haraka, na mimi nimesimama kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Alipomaliza hakunirudishia.

"Nani kashona hii?"

"Miye, mama."

"Si weye."

"Ni miye, wallahi. Nimeishona miezi hii yote."

"Kazi yako naijua," akasema. "Naijua tangu safu ya kwanza uliyonishonea nikiwa bado naona. Hii si kazi yako."

Nilikaa chini. Miaka kumi nilikuwa katika nyumba ile, na sikuwa nimepata kulisikia neno hilo kinywani mwake, kazi yako. Alisema kofia yangu, bafta yangu, wateja wangu. Nililia palepale, wala sikujificha, kwa nini nijifiche kwa mtu asiyeona? Lakini alisikia, akanyoosha mkono akanitafuta kichwa.

"Ifumue," akasema.

"Yote, mama?"

"Yote."

Nikaenda kuchukua mkasi. Niliporudi alikuwa ameketi wima kitandani, ukingo wa kitambaa ameubana kwa vidole vyote kumi ili usinitoroke, ananingoja nikate uzi wa kwanza.